Bwana wa Qoyllurit'i: Safari takatifu ya wakristu wa milima ya Ande na historia yake

Katika inchi ya Peru, Amerika ya Kusini, kuna safari takatifu inayofanyika kila mwaka, mara mwisho wa mwezi wa tano, mara katika mwezi wa sita. Watu karibu 90,000 wanapanda mpaka bonde la Sinakara, chini ya mlima Qolqepunku, upande wa mashariki wa muji wa Cusco. Wanakwenda kusali mbele ya sura ya Yezu msulibiwa iliyochorwa juu ya jiwe kubwa. Wanamwita Bwana wa Qoyllurit'i. Jina hili ni la lugha ya kikechua, na wengi wanalifasiri «theluji yenye kungaa».

Mgeni akifika pale, macho yake yanaona mambo ya namna mbili kwa mara moja. Anaona Misa, ungamo, mishumaa na misalaba. Anaona vilevile watu waliojifunika nyuso, wanaocheza ngoma mchana na usiku, wanaoita mlima kwa jina la heshima, na wanaopiga magoti jua linapotoka. Halafu anajiuliza: Watu hawa ni wakristu, ao ni wapagani waliovaa tu nguo ya ukristu?

Sisi hatutaki kujibu mbio. Mapadri wa Peru wamejiuliza swali hili zaidi ya miaka 400, na majibu yao hayakuwa sawa. Wengine waliona siku kuu za wenyeji kama mlango wa kuingizia Evanjili. Wengine waliziona kama mwiba wa kungolewa na kuchomwa. Sisi tulio katika seminari na katika misioni za Kongo tunaweza kujifunza mengi kwa mambo yao mazuri na kwa makosa yao. Basi tufuate historia toka mwanzo wake.

I. Inchi na dini ya mababu

Mbele ya kufika kwa Wahispania, Cusco ilikuwa kiti cha wafalme walioitwa Inka. Utawala wao uliitwa Tawantinsuyu, ni kusema sehemu nne pamoja, nao ulienea kutoka kusini ya Kolombia ya leo mpaka katikati ya Chile. Tarehe 16 novemba 1532, Francisco Pizarro na askari wachache, hawakufika 200, walimkamata mfalme Atahualpa huko Cajamarca. Mwaka uliofuata walimwua, na katika mwezi wa novemba 1533 wakaingia Cusco.

Watu hawa waliabudu nini? Waliheshimu jua, waliloliita Inti, na wafalme wao walijiita watoto wa jua. Waliheshimu milima mirefu, yaani Apu, waliyoifikiri kuwa mabwana wenye kulinda watu, nyama wa kufugwa na maji. Waliheshimu udongo wenye kuzaa, Pachamama. Na wafalme wao waliokufa hawakuzikwa: miili yao ilikaushwa, na siku za siku kuu ilitolewa nje na kukalishwa katika kiwanja kikubwa cha Cusco, ikapewa chakula na kinywaji kama watu wazima. Msomaji wa kwetu hatashangaa sana. Wazee wetu vilevile hawakufikiri kwamba mtu akikufa amekwisha kutoka katika jamaa yake.

Siku kuu iliyopita zote iliitwa Inti Raymi, siku kuu ya jua, katika mwezi wa sita. Tukumbuke kwamba Cusco iko kusini ya ekweta, na siku za juni ni fupi kuliko zote za mwaka, tena zenye baridi kali. Jua linaonekana kama limechoka. Watu walilisihi lirudi. Ndio wakati pia nyota za Kilimia zinaporudi kuonekana alfajiri, kisha kupotea kwa wiki tano hivi. Wakechua wanaziita Qolqa, maana yake ghala, kwani wanazitazama zinavyongaa kwa kujua kama mavuno ya mwaka utakaofuata yatakuwa mengi ao machache. Mababu wa watu wa kiswahili nao waliziita Kilimia kwa sababu ya kulima. Hivi wakulima wa inchi mbili zilizo mbali sana, wasiojuana hata kidogo, walisoma kazi yao katika nyota zilezile.

II. Siku kuu ya Mwili wa Bwana inaingia Cusco

Wahispania walileta pamoja nao siku kuu ya Sakramenti Takatifu, Corpus Christi, ambayo Papa Urbano IV aliiagiza kwa Eklezya nzima mwaka 1264. Inafanyika siku ya alhamisi kisha siku kuu ya Utatu Mtakatifu. Kwa sababu inafuata Paska, tarehe yake inabadilika, lakini haitangulii 21 mei wala haipiti 24 juni. Ndiyo kusema: ilifika mara nyingi karibu kabisa na siku za Inti Raymi.

Namna gani mapadri wa kwanza walipokea jambo hili? Wengi walifurahi. Waliwaambia wakuu wa makabila walete ngoma zao, manyoya yao ya ndege, vyombo vyao vya dhahabu, waje kumwimbia Mungu wa kweli. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539, baba yake mkubwa wa askari wa Hispania na mama yake binti wa ukoo wa Inka, alisimulia katika buku lake siku kuu ya mwaka 1555, aliyoiona kwa macho yake alipokuwa kijana. Wakuu walikuja, kila mmoja na watu wake, wamejipamba sawasawa na walivyozoea kujipamba mbele ya wafalme wao, wakaimba kila kabila kwa lugha yake.

Lakini siku ileile kukatokea fujo. Mkubwa mmoja wa kabila la Wakanyari, jina lake Francisco Chilche, alipita mbele ya Sakramenti akaondoa nguo yake ya juu, na katika mkono wake kukaonekana kichwa cha mtu, chenye kushikwa kwa nywele. Kilikuwa mfano wa kichwa cha mkubwa wa vita wa Inka, ambaye Chilche alimwua mwaka 1536, Cusco ilipozungukwa na majeshi ya Inka na yeye alipokuwa upande wa Wahispania. Watu wa ukoo wa Inka wakamrukia palepale. Wakubwa wa serkali walitumika sana kuwatenganisha.

Tupime neno hili. Ngoma ilikubaliwa, manyoya yalikubaliwa, nyimbo zilikubaliwa. Lakini mioyo ilikuwa haijapatanishwa. Mbele ya Mwili wa Bwana, ambao ni kifungo cha umoja, mtu alionyesha kichwa cha adui yake. Kumbe, kupokea desturi za watu katika kanisa ni kazi nusu tu. Nusu ya pili ni kugeuza moyo, nayo ni ya miaka mingi.

III. Katekisimu na moto

Tangu wakati ule tunaona njia mbili katika Eklezya ya Peru.

Njia ya kwanza ni ya mafundisho. Mtakatifu Toribio wa Mogrovejo alifika Lima mwaka 1581 kuwa Askofu mkubwa. Alikusanya Konsilio ya tatu ya Lima mwaka 1582 na 1583. Maaskofu waliagiza kwamba watu wafundishwe katika lugha zao wenyewe, na mwaka 1584 kukachapwa katekisimu ya kihispania, kikechua na kiaymara. Ndiyo buku la kwanza lililochapwa katika Amerika ya Kusini. Toribio mwenyewe alijifunza kikechua, akazunguka jimbo lake kubwa kwa miguu na kwa nyumbu, miaka na miaka, akikomaza watu kwa Sakramenti ya Kipaimara. Alikufa katika safari mwaka 1606. Katekista anayetembea toka muji mpaka muji akiwa na katekisimu ya lugha ya watu anaweza kumwita Toribio mzee wake katika kazi.

Njia ya pili ni ya moto. Katika miaka ya 1560 watu wengi wa upande wa Ayacucho walikuwa wamefuata mafundisho yaliyoitwa Taki Onqoy, ni kusema ugonjwa wa ngoma: walitetemeka na kucheza, wakisema kwamba miungu ya zamani imefufuka na itawashinda Wahispania pamoja na Mungu wao. Wakubwa waliogopa, wakawaadhibu viongozi. Kiisha, tangu mwaka 1609, padri Francisco de Ávila alianza kutafuta vitu vya ibada ya zamani katika parokia za Huarochirí. Tarehe 20 desemba 1609 vitu hivi, na miili ya mababu iliyokaushwa, vilichomwa mbele ya watu wote katika kiwanja cha Lima, na mzee mmoja aliyehukumiwa kuwa padri wa miungu alipigwa fimbo. Mwaka 1621 Myezuiti Pablo José de Arriaga alichapa buku lenye kufundisha ginsi ya kuendesha kazi ile: kuuliza, kushitaki, kuvunja, kuchoma, kusimika msalaba mahali pake.

Je, moto ulileta imani? Arriaga mwenyewe aliandika kwamba watu walirudilia desturi zao, na kwamba sababu moja kubwa ilikuwa ukosefu wa mafundisho: wengi walibatizwa, lakini hawakufundishwa sawasawa. Mwili wa babu ulipochomwa, ndugu zake walikwenda usiku kukusanya majivu. Mapango yalifungwa, watu waliyaona sasa matakatifu zaidi. Kinachoweza kuchomwa ni kitu. Mawazo ya moyo hayashiki moto.

Tuongeze jambo moja linalotugusa sisi waseminari. Konsilio ya pili ya Lima, mwaka 1567 na 1568, ilikataza kuwapa wenyeji Daraja takatifu, kwa sababu ukristu wao ulikuwa mpya. Katazo lile lilisemwa kuwa la wakati, lakini wakati ule ulirefuka sana: mapadri wa damu ya wenyeji walikuwa wachache mno kwa karne nyingi. Kwetu, kwenye mwambao wa magharibi wa ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walifika mwaka 1880. Mwaka 1917 Stefano Kaoze akapewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya wakati wetu. Ni miaka isiyofika 40. Huko Peru altare haikupewa wenyeji. Basi wao walimtumikia Mungu katika kazi ambazo hakuna aliyewanyima: kubeba sanamu, kutunza msalaba, kuongoza vyama vya kidugu, kucheza ngoma ya heshima. Asiyefahamu hili hawezi kufahamu Qoyllurit'i.

IV. Mtoto mchungaji wa Sinakara

Sasa tufike kwenye hadithi ya mahali penyewe. Wazee wanaisimulia hivi.

Karibu mwaka 1780, mtoto jina lake Mariano Mayta alichunga alpaka za baba yake katika bonde la Sinakara. Mkubwa wake alimtesa, akakaa na njaa na baridi. Siku moja akakutana na mtoto mwingine, mweupe wa sura, jina lake Manuel, aliyemgawia mkate wake. Wakawa marafiki, wakacheza pamoja, na nyama wakaongezeka. Baba alifurahi, akataka kuwapa watoto nguo mpya. Kwani Manuel alivaa kila siku nguo moja tu, Mariano alichukua kipande cha nguo ile mpaka Cusco kutafuta kitambaa cha namna moja. Wauzaji wakamwambia: Kitambaa hiki ni cha Askofu tu. Askofu aliposikia, akafikiri kwamba ni mwizi aliyeiba vitu vya kanisa, akamwagiza padri wa Ocongate atafute habari.

Padri akapanda pamoja na watu. Wakamkuta Manuel amevaa nguo nyeupe, mwanga wake ukiwafunga macho. Padri akanyosha mkono kumkamata. Alichoshika kilikuwa mti wa tayanka, na juu ya mti wakamwona Yezu msulibiwa, damu ikimtoka. Mariano, akifikiri kwamba wamemtesa rafiki yake, akaanguka chini akafa. Wakamzika chini ya jiwe. Ule msalaba wa mti, wanasema, mfalme Carlos III wa Hispania aliuomba auone, nao haukurudi tena. Watu wa Ocongate wakapewa mwingine mahali pake, unaoitwa Bwana wa Tayankani. Na juu ya jiwe la Mariano ikachorwa sura ya Bwana, ambayo kanisa limejengwa kuizunguka.

Sisi tunaandika historia, basi tutenge mambo. Hadithi hii si fundisho la imani, wala hatuna lazima ya kuipokea neno kwa neno. Lakini mwaka wanaoutaja unatupasa kusimama na kutazama. Katika novemba 1780, katika inchi ileile ya kusini ya Cusco, José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru, alimnyonga mkubwa wa serkali Antonio de Arriaga, akaanza vita kubwa juu ya kodi na kazi za nguvu. Askofu wa Cusco, Juan Manuel Moscoso y Peralta, alimtenga na Eklezya. Tarehe 18 mei 1781, Túpac Amaru aliuawa kwa mateso katika kiwanja cha Cusco, kisha kumwona mke wake na mwana wake wa kwanza wakiuawa. Vipande vya mwili wake vilipelekwa katika vijiji mbalimbali. Hukumu iliyoandikwa na José Antonio de Areche iliagiza tena kukataza nguo za ki-Inka, baragumu za zamani na michezo ya kukumbuka wafalme, na kuondoa lugha ya kikechua.

Sasa tusome tena hadithi ya Mariano. Inasema kwamba katika miaka ile ya damu, Yezu hakuonekana kwanza katika nyumba ya wakubwa: alikuja kucheza na mtoto mkechua mwenye njaa, akala naye mkate. Inasema kwamba mkono wa padri uliomnyoshea mtoto kwa kumkamata uliushika msalaba. Watu waliokatazwa nguo zao, lugha yao na kumbukumbu yao walipata mahali ambapo Mungu mwenyewe anawatambua. Padri anayesoma hadithi hii anaweza kukasirika, ao anaweza kupiga kifua. Sisi tunafikiri kwamba kupiga kifua kunamfaa zaidi.

V. Ginsi ya kwenda leo

Tusimulie sasa safari yenyewe, kwani mkristu ao padri anayetaka kwenda anapaswa kujitengeneza mbele.

Kwanza, siku. Siku kubwa ni jumapili ya Utatu Mtakatifu, jumatatu na jumanne zinazofuata. Hesabu ni nyepesi: jumanne ile ni siku ya 58 kisha Paska, na siku mbili baadaye ni Corpus Christi. Mwaka 2025, Paska ilikuwa 20 aprili. Jumanne kubwa ilikuwa 17 juni. Anayeweza abaki mpaka alhamisi, aone Cusco ginsi sanamu za watakatifu na za Bikira Maria 15 zinavyotoka katika parokia zao kusindikiza Sakramenti Takatifu katika kiwanja kilekile cha Inka.

Pili, mwili. Cusco iko juu, karibu metri 3,400. Bonde la Sinakara liko karibu metri 4,700. Tulinganishe: kilele cha Karisimbi, mlima mkubwa wa volkano wa Kivu, ni metri 4,507. Ni kusema mahali pa kusali pako juu kuliko kichwa cha Karisimbi. Mgeni anayepanda mbio anaumwa kichwa, pumzi inakatika, anatapika, na mara nyingine ni hatari ya kufa. Inafaa apumzike Cusco siku kadhaa, anywe maji mengi, apande polepole. Usiku maji yanaganda. Lazima blanketi nzito, kofia, viatu vikavu, na chakula chake, kwani hakuna nyumba ya kulala wageni. Watu wanalala katika mahema ao chini ya karatasi ya plastiki.

Tatu, njia. Motokari zinafika mpaka kijiji cha Mahuayani, kwenye barabara inayoshuka kwenda Puerto Maldonado. Toka pale ni kilometri karibu 8 kwa miguu. Kando ya njia kuna misalaba, na kwenye kila msalaba watu wanasimama kusali, wengine wanaweka jiwe walilolibeba toka chini, kama kuonyesha dhambi ao uchovu wanaouacha.

Nne, watu. Wasafiri hawaendi mmoja mmoja. Wamegawanyika katika mataifa manane, kadiri ya inchi zao: Paucartambo, Quispicanchi, Canchis, Acomayo, Paruro, Tawantinsuyo, Anta na Urubamba. Kila kikundi kinaleta ngoma yake na wachezaji wake, ambao wamefanya ahadi kwa Bwana, mara nyingi ya kurudi miaka mitatu. Wako ch'unchu wenye manyoya, walio mfano wa watu wa pori la chini. Wako qolla, mfano wa wafanya biashara wa uwanda wa juu. Na wako ukuku, wanaoitwa vilevile pablito, wenye nguo ya nyuzi ndefu nyeusi na kinyago cha sufu, mfano wa dubu. Wanasema kwa sauti nyembamba, wanachekesha watu, lakini hao ndio askari wa mahali: wanashika mjeledi, wanakataza pombe, na mlevi anaadhibiwa.

Usiku wa kuamkia jumanne, ukuku wanapanda mpaka kwenye barafu ya Qolqepunku kuchukua misalaba waliyoisimika pale, wakisali katika giza na baridi. Wako waliokufa juu ya barafu. Alfajiri wanashuka na misalaba mabegani katika mstari mrefu, na kuna Misa na baraka. Kiisha mataifa ya Paucartambo na Quispicanchi wanabeba Bwana wa Tayankani na Mama wa Mateso katika mwendo wa masaa 24, mchana na usiku, mpaka Tayankani, na jua linapotoka wote wanapiga magoti.

Kuna jambo jingine dogo la kupendeza. Kando ya kanisa, watu wazima wanacheza kama watoto: wanajenga nyumba ndogo za mawe, wanaweka vijiwe kama kondoo, wananunua na kuuza kwa karatasi. Anayeomba nyumba anajenga nyumba. Anayeomba masomo ya mtoto wake anamwandikia diploma ya mchezo. Wanasema Bwana alikuwa mtoto aliyecheza na Mariano, basi anasikia sala ya mchezo. Mwanateolojia atacheka kidogo, halafu atakumbuka neno la Bwana juu ya watoto na Ufalme wa Mbingu.

VI. Tuhukumu namna gani?

Turudilie swali la mwanzo: ukristu ao upagani? Wataalamu wengine wanasema kwamba Yezu ni kifuniko tu, ndani ni mlima na nyota. Wengine wanasema kwamba ya zamani yamekwisha kabisa. Myezuiti Manuel Marzal, aliyekaa na watu wa Urcos karibu na njia hii ya Qoyllurit'i, akaandika buku juu ya dini yao mwaka 1971, hakukubali wa kwanza wala wa pili. Aliona watu wanaosali kwa kweli kwa Mungu wa Yezu Kristu, lakini wanaosali kama wakechua, na akili na kumbukumbu ya kikechua.

Eklezya ina mfano wa zamani. Mwaka 601, Papa Gregori Mkubwa aliandika kwa Mellito, aliyekwenda Uingereza, kwamba nyumba za miungu zisivunjwe. Sanamu tu ziondolewe, nyumba zibarikiwe, na siku kuu za kuchinja ngombe zigeuzwe kuwa siku za kukumbuka mashahidi wa dini. Mwaka 1975, Papa Paulo VI, katika barua yake Evangelii Nuntiandi, alifundisha kwamba dini ya watu wadogo ina mipaka na inaweza kuchanganyika na uchawi, lakini ikiongozwa vema inaonyesha kiu ya Mungu ambayo maskini na wanyenyekevu peke yao wanaijua. Na sisi wa Kongo tunayo Misa ya kizaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ambamo tunawaita mababu wema pamoja na watakatifu. Hatuwezi kuwashangaa Wakechua kwa jicho kali, tukiisha kuimba vile.

Lakini tusijidanganye. Mchungaji wa Sinakara ana kazi. Kupiga magoti mbele ya jua kunaweza kuwa sala kwa Yule aliyeliumba, na kunaweza kuwa sala kwa jua lenyewe. Hakuna anayeweza kutofautisha kwa macho. Mafundisho tu ndiyo yanayotofautisha. Mahali ambapo padri anakuja tu kusema Misa na kurudi, desturi itafundisha mahali pake. Mahali ambapo katekista anajua lugha na hadithi za watu, anaweza kuuliza: Mariano alipokula mkate na Manuel, alikula na nani? Toka swali lile anaweza kuwafikisha mpaka altareni.

Kuna hatari nyingine mpya. Mwaka 2011, Unesko iliandika safari hii katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni heshima, lakini watalii wanakuja na mashine za picha, na mwenye sala anatazamwa kama mchezo. Kubwa zaidi ni barafu yenyewe. Zamani ukuku walikata vipande vya barafu, wakavibeba mgongoni mpaka chini. Watu walikunywa maji yake kama dawa na baraka. Lakini dunia imezidi joto, barafu ya Qolqepunku inarudi nyuma mwaka kwa mwaka. Walipoona hivi, wakubwa wa mataifa walikubaliana wenyewe kuacha kukata barafu, na sasa ukuku wanashuka na misalaba tu. Wako wazee waliolia.

Neno hili linatufundisha kuliko mabuku mengi. Karne ya 17, watu wenye mamlaka walitumia moto kuwanyanganya Wakechua desturi zao, na hawakuweza. Karne yetu, watu wenyewe wameacha desturi waliyoipenda sana, kwa hiari yao, kwa kulinda kitu kilicho kikubwa kuliko desturi. Ni kusema, desturi si jiwe. Inaweza kubadilika, hata kufa, kama wenye desturi wanaona sababu na wanaamua wenyewe. Na kitu walichobaki nacho mabegani ni msalaba.

Basi, waseminari na wakatekista wenzetu, kwetu pia kuna vilima, maziwa na miti mikubwa ambako mababu walipeleka matambiko. Wakristu wetu wengine wanakwenda bado huko usiku, kisha Misa ya jumapili. Mbele ya kusimama juu ya altare na kukataza, tuwaulize wazee: wanaomba nini huko, na kwa nani, na ni woga gani unaowasukuma? Tuandike majibu yao. Tuyasome mbele ya Evanjili. Kitu cha uongo na cha kuua tukitaje wazi kwa jina lake, bila kuogopa. Lakini tunaponyosha mkono kumshika mtu, tuangalie vizuri, kwani inaweza kuwa tayari yumo Bwana pale, ametutangulia.